Kabla ya Kuchambua

Stoo yetu iko Tandale, nyuma ya mashine ya kukoboa,
vumbi la pumba linatua hadi kwenye kope.
Mimi ni karani. Kalamu mbili, daftari la mistari,
kikokotoo kilichofutika namba saba.

Kila alfajiri bosi anapiga simu:
"Leo wako wangapi?"
Hasemi akina nani.
Nina mtu wangu ndani, ananisomea idadi
kama wengine wanavyosomewa hali ya hewa.
Robo kilo kwa kichwa, kavu, kabla ya kuchambua.
Vichwa mia nne, gunia.
Wahenga walisema kufa kufaana;
kufungwa hawakukutaja,
labda kwa kuwa hawakuwahi kushinda zabuni.

Yetu ni ya maharage.
Ya kuni anayo mwingine. Ya mablanketi, shemeji wa mwingine.
Nje ya mahakama yuko kijana wa fotokopi,
yuko mzee Ngwatu anayekodisha jina lake na hati ya kiwanja
kwa asiye na ndugu mwenye kiwanja,
yuko mama wa vitumbua.
Mama wa vitumbua simlaumu.

Siku ya msamaha, redio ikitaja wanaoachiwa,
mtaa mzima ulipiga vigelegele.
Bosi alikaa juu ya gunia kama mfiwa.
"Watarudi," nilimwambia,
nikamwekea na chai.
Na walirudi, wao au wadogo zao:
msako Manzese Ijumaa, Buguruni Jumamosi,
wazururaji, wacheza kamari,
mmoja na kisu chake cha kumenyea machungwa.
Haba na haba.

Kisha wakamchukua Mwinyimkuu.
Fundi masofa, tunapakana ukuta pale Keko.
Kitambaa alichouziwa barabarani kumbe cha wizi,
mita sita, rangi ya ugoro.
Dhamana iko wazi, wakasema.
Wazi kama mlango wa benki.
Tatu, mkewe, alibisha kwangu usiku, kanga kichwani,
akaulizia hati. Mimi mwenyewe mpangaji.
Nilimpa elfu kumi na pole.
Asubuhi idadi ilipanda kwa moja.
Nikaandika.

Akauza cherehani, akauza mkasi mkubwa, kisha sofa la mteja,
na kwa sofa hilo nusura amfuate mumewe.
Hemedi aliacha darasa la sita, akasukume guta.
Wadogo wakawa wanacheza kesi uchochoroni:
hakimu juu ya ndoo,
mshitakiwa kapiga magoti, katani mikononi.
"Upelelezi haujakamilika!" anafoka wa kwenye ndoo,
wote wanaangua kicheko, na kesho tena,
na mshitakiwa ni yuleyule,
kwa kuwa ndiye mdogo.

Alitoka Mfungo Sita. Hana kesi ya kujibu.
Karatasi moja, muhuri mmoja,
hapakuwa na mstari wa samahani.
Tukampikia pilau, nikakaa naye mkeka mmoja.
Vidole vinamtetemeka, msumari haukai.
Kule, alisema, usiku mnageuka ubavu wote pamoja,
akitaka kugeuka mmoja, wageuke sitini.
Alitafuna polepole, upande wa kushoto.
"Maharage yao yana mawe, jirani.
Jino hili nimeliacha huko."
Nikatazama sinia.

Sikulala. Nikawasha tochi ya simu, nikatoa kikokotoo.
Siku mia tisa arobaini na nne.
Kilo mia mbili thelathini na sita.
Mimi napewa shilingi kumi kila kilo ikitoka mlangoni.
Elfu mbili, mia tatu na sitini.
Chipsi mayai moja, bila soda.

Adhana ya kwanza, simu ikaita.
"Leo wako wangapi?"
"Pungufu mmoja," nikasema.
Nilitaka kuendelea, nilikuwa na neno, nalisikia kooni
kama kijiwe.
"Usijali," akaniambia, kwa upole kabisa.
"Watarudi."